Wazazi Wakitengana, Mtoto Akae na Nani? Njia ya Kufuata Mzazi Anapohofia Usalama wa Mwanawe

Ofisi ya Ustawi wa Jamii hupokea wananchi wenye shida za namna nyingi, lakini kuna swali moja linalorudi mara kwa mara. Huletwa na baba asiyelala kwa kuwaza mtoto aliyeko kwa mama. Huletwa na mama ambaye mwanawe alichukuliwa na upande wa mume na hajamwona tangu wakati huo. Wakati mwingine huletwa na bibi aliyelea wajukuu tangu wakiwa wachanga, kisha akaambiwa hana haki yoyote juu yao. Swali lenyewe ni hili: wazazi wakishatengana, mtoto akae na nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, hatua za kufuata, na makosa yanayowagharimu wazazi wengi, hata wale wenye nia njema.

Mfano wa kuanzia

Mfano huu hauhusu familia yoyote mahususi, ila kila mtendaji wa kijiji au mtaa amewahi kusikia unaofanana nao. Fundi wa kuchomelea vyuma ametengana na mkewe kwa miaka miwili. Kikao cha wazee wa pande zote mbili kilikubaliana kwamba binti yao akae na mama, na baba amchukue kila mwisho wa juma. Kwa mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Binti huyo sasa ana miaka minane, yuko darasa la pili, na mama amepata kazi katika mgahawa inayomrudisha nyumbani saa nne za usiku.

Baba ameanza kuona mabadiliko. Mtoto amekonda. Mwalimu wa darasa amemwambia kwamba binti huchelewa shuleni na husinzia darasani. Jumamosi moja, alipokuwa akimkagua kabla ya kuoga, baba aliona alama za fimbo miguuni. Mtoto alisema alichapwa na jirani anayeachiwa amwangalie wakati mama yuko kazini. Jumapili jioni, muda wa kumrudisha ulipofika, baba alikaa mlangoni na begi la mtoto mkononi. Akimrudisha, anahisi anampeleka kwenye mateso. Akimzuia, anavunja makubaliano aliyoyatamka mwenyewe mbele ya wazee.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea.

Sheria inamtazama nani?

Sheria inayoongoza suala hili ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Kwa wazazi waliofunga ndoa ipo pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria ya Mtoto inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto, na kifungu chake cha 4 kinaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulizwe. Tanzania imeridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, yote miwili ikishikilia msingi huohuo.

Maana yake kwa mwananchi ni kubwa. Mahakama haiulizi ni mzazi yupi aliyemkosea mwenzake, wala nani alianza kuondoka nyumbani, wala nani ana kipato kikubwa. Inauliza mtoto huyu atakuwa salama wapi, atasoma wapi, atakula nini, na nani atamlea kwa utulivu. Mtoto si mali ya kugawanywa kama viti na shamba, na hatolewi kuwa zawadi kwa mzazi aliyeshinda ugomvi.

Katika jamii nyingi bado husemwa kwamba mahari ikishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kuzingatia mila za jamii ambayo wazazi wanatoka, lakini mila hizo haziwezi kuushinda ustawi wa mtoto, ambao ndio jambo la kwanza na kubwa kuliko mengine.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinataja haki tatu za mtoto ambaye wazazi wake wametengana au kupeana talaka. Ya kwanza ni kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa akipata kabla ya kutengana kwao. Ya pili ni kukaa na mzazi ambaye, kwa maoni ya mahakama, ana uwezo wa kumlea vizuri zaidi. Ya tatu ni kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, ilimradi masomo yake yasivurugike.

Haki hizo zimeandikwa kuwa ni za mtoto. Kwa hiyo mama anayemzuia mtoto asimwone baba kwa sababu ya hasira hajamwadhibu baba peke yake. Amemnyang'anya mtoto haki yake.

Umri wa miaka saba

Wengi wamesikia kwamba mtoto chini ya miaka saba lazima akae na mama. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Sheria inachukulia kwamba ni vema mtoto wa umri huo awe na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mzazi anayeonyesha kwamba mtoto mdogo yuko hatarini kwa mama anasikilizwa. Vilevile mtoto akifikisha miaka saba hahami moja kwa moja kwenda kwa baba, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Baada ya umri huo mahakama hupima mazingira yote bila kuanza na dhana hiyo.

Kifungu cha 39 kinaorodhesha mambo mengine yanayopimwa: umri wa mtoto, umuhimu wa kuwa na mama, maoni ya mtoto mwenyewe ikiwa ameyatoa kwa hiari yake bila kufundishwa, umuhimu wa ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na haja ya kuendeleza malezi aliyoyazoea. Hili la mwisho ni zito. Mtoto anayehamishwa kila mara kutoka nyumba hadi nyumba na shule hadi shule huumia, hata kama kila nyumba ina chakula cha kutosha.

Kosa la kujichukulia hatua

Tumrudie baba aliyekaa mlangoni. Jambo la kwanza linalomjia ni kumzuia mtoto na kuzima simu. Jambo la pili ni kumsafirisha usiku kwa bibi yake mkoa mwingine. Yote mawili yanaweza kumgeuza kutoka mzazi mwenye hofu ya haki kuwa mzazi anayelalamikiwa.

Palipo na amri ya mahakama, kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu aliyepewa haki ya kukaa naye kumekatazwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto. Pasipo amri, kumficha mtoto humkatisha masomo, humtia hofu, na humpa mzazi mwingine hoja ya kusema kwamba aliyemchukua hajali utulivu wa mtoto.

Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mzazi kumrudisha mtoto kwenye hatari iliyo wazi huku akinyamaza. Kinachotakiwa ni kuipeleka hofu hiyo panapostahili, siku hiyohiyo, ili uamuzi wa mtoto alale wapi usiwe wake peke yake.

Dharura ni ipi, na mgogoro wa malezi ni upi?

Kabla ya kuchukua hatua, mzazi anapaswa kutenganisha mambo mawili.

Dharura ni hali ambayo mtoto amepigwa na kujeruhiwa, amefanyiwa ukatili wa kingono, ameachwa peke yake bila mtu mzima, amenyimwa chakula au matibabu, au anatumikishwa kazi zinazomdhuru. Hapa haisubiriwi kesi ya nani akae na mtoto. Taarifa hutolewa mara moja katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwa mtendaji wa kijiji, mtaa au kata. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya uchunguzi na matibabu. Penye majeraha makubwa, mtoto awahishwe kwanza kituo cha afya. Kwa ukatili wa kingono, mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na mganga, kwa kuwa ushahidi hupotea. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Mgogoro wa malezi ni ule ambao mtoto hayuko katika hatari ya papo hapo, lakini mzazi anaona malezi hayaridhishi: mtoto anachelewa shule, anaachwa na watu wasiofaa, hapati muda wa kupumzika au kujisomea. Huu nao ni mzito, ila njia yake ni mazungumzo, uchunguzi, na ikibidi mahakama.

Katika mfano wa fundi, mambo yote mawili yamo. Alama za fimbo ni jambo la kuripotiwa mara moja. Kukonda na kuchelewa shule kunahitaji uchunguzi. Kuyatenganisha kunamsaidia mtoto, kwa sababu kila moja lina mlango wake.

Wajibu wa kutoa taarifa si wa mzazi peke yake. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Jirani anayesikia kilio kila usiku na mwalimu anayeona alama mwilini wote wanahusika.

Afisa Ustawi wa Jamii hufanya nini?

Baadhi ya wazazi huingia ofisini wakiwa na ombi moja: “Mtoto wangu anateswa, naomba barua inayosema nipewe mimi.” Hutoka wakinung'unika kwamba ofisi imeegemea upande wa pili. Afisa Ustawi wa Jamii si wakili wa baba wala wa mama. Kazi yake ni kumwangalia mtoto. Vilevile hana mamlaka ya kutoa amri ya nani akae na mtoto, kwa kuwa amri hiyo hutolewa na mahakama.

Anachofanya ni kusikiliza pande zote mbili, kila mmoja kwa wakati wake. Hutembelea nyumba zote mbili na kuona mtoto analala wapi, na nani, na anakula nini. Huzungumza na mwalimu, majirani na ndugu. Huzungumza na mtoto kwa lugha ya umri wake, bila mzazi kuwapo. Wazazi wakiwa tayari kukubaliana, huwasaidia kuandika makubaliano yanayotaja siku za kukaa na mtoto, matunzo, ada, matibabu, likizo, na namna ya kupeana taarifa. Makubaliano yakishindikana, huwaelekeza mahakamani, na mahakama ikimwagiza huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu huizingatia anapoamua.

Uchunguzi huo una pande mbili. Mzazi anayeulalamikia upande wa pili ajiandae kuangaliwa na yeye. Katika mfano huu, afisa angemuuliza fundi maswali yasiyompendeza: Matunzo ya miezi iliyopita yalipelekwa? Yeye akiwa karakana hadi jioni, nani angempokea mtoto akitoka shule? Kuna chumba? Mke mpya, kama yupo, amemkubali mtoto? Na kwa mama angeuliza: Anajua kwamba jirani anamchapa mtoto? Alijaribu kutafuta mtu mwingine? Zamu za mchana haziwezekani?

Mara nyingine majibu huonyesha kwamba tatizo si mama mbaya bali ni mama aliyelemewa, anayefanya kazi usiku kwa sababu matunzo hayafiki. Mara nyingine huonyesha kwamba mtoto yuko hatarini kweli na anapaswa kuhamishwa. Ndiyo sababu uchunguzi hufanyika kabla ya hukumu.

Kwenda mahakamani

Mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama impe haki ya kukaa naye. Asiyekaa na mtoto anaweza kuomba amri ya kumtembelea au kukaa naye kwa vipindi. Maombi haya hupelekwa Mahakama ya Watoto, inayoongozwa na Hakimu Mkazi. Kwa wanandoa wanaodai talaka, suala la watoto huweza kuamuliwa ndani ya shauri lao la ndoa.

Shauri la mtoto haliendeshwi hadharani. Watu wasiohusika hawaruhusiwi kuingia, na taarifa zinazoweza kumtambulisha mtoto hazitangazwi. Mzazi anayesambaza picha za majeraha ya mwanawe kwenye makundi ya simu ili ahurumiwe anamdhalilisha mtoto yuleyule anayetaka kumlinda. Picha hizo ziwekwe kwa ajili ya polisi, mganga na mahakama.

Mambo yafuatayo huandaliwa mapema:

1. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
2. Cheti cha ndoa au talaka, kama kipo.
3. Makubaliano yoyote yaliyoandikwa, hata ya kikao cha ukoo.
4. Maendeleo ya shule na mahudhurio.
5. Kadi ya kliniki au taarifa za matibabu, pamoja na nakala ya PF3 kama ilitolewa.
6. Uthibitisho wa matunzo yaliyotumwa, ikiwamo ujumbe wa miamala ya simu.
7. Daftari lenye tarehe na matukio yaliyoonwa na mzazi, yaliyoandikwa bila kuongeza chumvi.

Mwananchi asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Anayetoridhika na uamuzi wa Mahakama ya Watoto ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu.

Amri inaweza kubadilishwa

Wapo wazazi wanaokata tamaa wakisema kesi ilikwisha miaka mingi. Amri ya kukaa na mtoto haifungi mlango moja kwa moja. Maisha hubadilika: mzazi huhama, huugua, huoa au huolewa, hupata kazi au huipoteza, na mtoto naye hukua na kuwa na maoni yake. Pale hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa, au inapobainika kwamba amri ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli, mahakama inaweza kuombwa kuibadilisha au kuifuta. Anayeomba ndiye anayepaswa kuthibitisha mabadiliko hayo. Haitoshi kusema kwamba sasa amejenga nyumba nzuri. Lazima aonyeshe ni kwa namna gani mabadiliko hayo yanamgusa mtoto.

Matunzo hayasubiri kesi

Baba asiyekaa na mtoto bado ana wajibu wa kumtunza. Kauli kwamba “nitatoa matunzo nikipewa mtoto” haina nafasi kisheria. Wala mama hana ruhusa ya kumzuia mtoto asimwone baba yake kwa kuwa fedha za mwezi hazijafika. Kila jambo hudaiwa kwa njia yake. Anayekosa matunzo anaweza kuomba amri ya mahakama, na kiwango hupangwa kwa kuangalia kipato na mahitaji halisi.

Wasiofunga ndoa

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki zilezile. Penye ubishi kuhusu baba ni nani, jambo hilo huamuliwa kwanza. Mahakama inaweza kuangalia jina lililoandikwa katika kumbukumbu za vizazi, sherehe ya kimila ya kumkubali mtoto, kumtambua hadharani, au matokeo ya kipimo cha vinasaba kinachofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Baba anayetaka haki ya kukaa na mtoto hawezi wakati huohuo kukataa kuandikwa kwenye cheti chake.

Jumapili ile jioni

Baba wa mfano alipaswa kufanya nini? Kwanza, kutomhoji mtoto tena na tena, kwa kuwa maneno ya mtoto aliyehojiwa mara kumi huonekana ya kufundishwa. Pili, kumpeleka kituo cha afya na Dawati la Jinsia na Watoto jioni ileile. Tatu, kumpigia mama simu na kumwambia mtoto yuko wapi na kwa sababu gani. Nne, kufika Ofisi ya Ustawi wa Jamii Jumatatu asubuhi, akiwa na daftari lake na kumbukumbu za matunzo.

Huenda mwisho wake ni mtoto kuhamia kwa baba. Huenda ni kubaki kwa mama, jirani akichukuliwa hatua, matunzo yakiongezwa ili mama aache zamu za usiku, na siku za baba zikiongezeka kutoka mbili kuwa nne. Baba aliyeingia ofisini akitaka mtoto wote anaweza kutoka na nusu ya alichoomba. Kitakachopimwa ni kama, baada ya yote hayo, binti yule anafika shuleni kwa wakati, amelala vya kutosha, na hana alama mpya miguuni.

Wananchi wenye shida ya aina hii wafike Ofisi ya Mtendaji wa Kata au Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Halmashauri siku za kazi. Kwa hatari ya papo hapo, wafike kituo cha polisi kilicho karibu au wapige 116 bila malipo.